Kicha cha Juu ya Jiko

12 Desemba
Kuanzia Ngarambe mpaka mto unapoingia baharini, hajazaliwa mtu anayeujua mpunga kuliko mimi, Saadi Mshamu. Sijisifu, natoa taarifa. Mwaka juzi nikiwa dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti cha kuamia ndege, nilirusha jiwe moja kwa kombeo. Ndege wa kwanza likamuua, wa pili likamvunja bawa, wa tatu akafa kwa mshtuko. Mdogo wangu Rukaiya anasema yule wa tatu alikuwa amekufa tangu jana yake. Rukaiya ana wivu.

Daftari hili kanipa Bi Elinipendo, mtaalamu wa kilimo aliyehamia kwetu kutoka Upareni. Kawapa watu wote wa shamba darasa, anataka tuandike mvua, maji na kazi, halafu mwisho wa msimu atayakusanya asome. Wenzangu wameshaanza kuchana kurasa za kufungia karanga. Mimi nilifika kidato cha pili, na ningefika mbali kama si ile hesabu ya kujumlisha herufi. Nani aliona wapi herufi zikajumlishwa?

14 Desemba
Mjomba Gharibu kaja kutoka Kibiti na viatu vyake vinavyong'aa. Kala wali sahani mbili, ndipo akasema lake.

"Mama, mwaka juzi maji yamebeba nusu ya mavuno. Mwaka jana yamebeba yote. Yakibeba tena mwaka huu nakuja na gari, unahamia kwangu mjini."

Bibi Sihaba hakumtazama. "Na shamba?"

"Shamba la maji waachie samaki."

"Haya. Yakibeba, nitakuja. Yasipobeba, usinitajie Kibiti mpaka siku ya kunizika. Saadi, umesikia? Shamba lako hilo msimu huu. Magoti yangu yamestaafu."

Nimesikia. Kwa hiyo mambo yenyewe ndiyo haya: mpunga ukifika nyumbani, Bibi anabaki kwake. Usipofika, anakwenda kukaa chini ya feni na kutazama ukuta. Kazi ndogo kwa mtu kama mimi. Baba yuko Dar anatafuta maisha, mwaka wa sita huu, naona bado hajayapata. Mama kaolewa Mbwara. Mwanamume wa nyumba ni mimi.

16 Desemba
Mtaalamu kaleta mbegu mpya. Miezi minne tu, unavuna kabla maji makubwa hayajafika. Lakini lazima uoteshe miche kitaluni, halafu uipandikize mmoja mmoja kwa kufuata kamba.

Nikamwambia, "Mtaalamu, huku kwetu kinachopimwa kwa kamba ni kaburi."

Watu wote wakacheka. Na yeye akacheka. "Basi wewe utashika kamba, Saadi, maana naona una uzoefu wa maiti."

Nikamtegemea Bibi. Bibi ana mpunga wake, unaitwa Mtanikumbuka. Miezi sita shambani, mrefu kuliko mimi, na ukichemka jikoni jirani anakuja kuazima chumvi asiyoihitaji. Nilijua atamfukuza mtaalamu na mbegu yake. Bibi akachukua punje moja, akaing'ata, akatema.

"Shamba la chini mpande hii. La juu, Mtanikumbuka."

"Bibi! Wewe ni mzee, unatakiwa ukatae!"

"Mume wangu," akasema (ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, utani wa bibi na mjukuu), "mto wenyewe umehama mara tatu tangu nije huku. Mimi nisimame palepale, kwani mimi nguzo ya umeme?"

Halafu akanyoosha kidole darini, juu ya jiko. Pale kinaning'inia kicha kimoja cha masuke ya Mtanikumbuka, kimekuwa cheusi kwa moshi. Kila nyumba ya bondeni ina chake, cha mbegu yake. Mbegu haipandwi yote. Kicha kimoja kinabaki kwenye moshi mpaka mpunga mpya uvunwe, ili maji yakitufanyia ubaya, moshi uwe na akiba.

"Kile hakiguswi," akasema Bibi.

"Najua, Bibi."

"Najua unajua. Nakwambia tena."

20 Desemba
Mvua. Kitalu kimemwagwa mbegu. Nimechonga kijiti cha kupimia maji ya mto, nikakigongea msumari. Maji yakifika msumarini, shamba la chini limekwisha. Leo yako mikono miwili chini.

27 Desemba
Nimemwaga Mtanikumbuka shamba la juu kwa mkono, kama binadamu wa kawaida.

7 Januari
Siku tatu za kupandikiza. Mgongo si wangu tena. Unainama, mche, kiganja kimoja, mche, kiganja kimoja, kamba inasogezwa, unaanza upya. Rukaiya ana miaka kumi na minne na kaniacha mistari minne, tena huku anaimba.

Vijana wenzangu walikaa ukingoni wakanitazama. Mmoja akasema, "Saadi, ukimaliza kudarizi hapo njoo unidarizie kofia." Sasa wananiita Fundi Kofia. Mimi! Niliyeua ndege kwa mshtuko!

9 Januari
Leo nimefanya jambo la kiume. Kule chini kabisa, kando ya kijito, kuna kipande kitupu ambacho mtaalamu alisema tukiache. Nimepanda Mtanikumbuka pale, kwa mkono, bila kamba. Ule mpunga unajua kukimbizana na maji. Yakipanda nao unapanda. Wataona wenyewe wakati majani ya kamba yamezama na wangu unawapungia mkono.

Mbegu nimepata. Usiulize wapi. Mtaalamu, ukifika hapa fungua ukurasa unaofuata.

11 Januari
Bibi alikuwa anachochea moto, akainua macho.

"Kicha kiko wapi?"

Nikasema panya.

"Panya?"

"Panya wa mwaka huu, Bibi, wanapanda ukuta kama mafundi wa minara."

Akaivuta ile kamba iliyokuwa imekining'iniza, akaishika muda mrefu, akaitia kwenye pindo la kanga yake. Jioni jirani yetu Dadi kaleta paka wake.

13 Januari
Paka hajakamata kitu. Nimempa jina Mkaguzi.

25 Januari
Jua. Paka hajakamata kitu. Amenenepa kwa dagaa zetu.

4 Februari
Mistari imesimama. Sitamwambia mtaalamu, lakini ukisimama pale mwanzoni unaona maji yanang'aa katikati mpaka mwisho wa shamba, na magugu hayana pa kujificha. Kupalilia siku mbili kumechukua nusu siku. Nusu iliyobaki nimelala.

Kipande changu cha siri nacho kimeota, kimechanua majani kama watoto wa shule siku ya kufunga.

19 Februari
Mfungo umeanza jana. Maji mkono mmoja na nusu chini ya msumari. Bibi ameniuliza mara tatu kama mlango wa kuku umefungwa. Uzee huo.

3 Machi
Kipande cha siri kimenifika kifuani. Mistari imenifika pajani. Nani mwerevu sasa?

Bibi kamuuliza Rukaiya, "Hivi alasiri nimeshaswali?" Rukaiya akamwambia, "Bibi, umetoka kwenye msala sasa hivi." Bibi akacheka, lakini hakucheka vizuri.

21 Machi
Idi jana. Pilau mpaka nikashindwa kupanda dunguni.

26 Machi
Hapa lazima niandike ukweli. Mpunga wa mtaalamu umeanza kutoa masuke wakati mpunga wa bonde zima bado majani. Yaani ndege wote wa Rufiji wana hoteli moja, na hoteli yenyewe ni yetu. Wanakuja kama moshi. Nikipiga huku wanatua kule. Kombeo limekatika, bega limevimba, na yule ndege wa kufa kwa mshtuko sijamwona.

Nikamfuata mtaalamu. Mara ya kwanza mimi kumfuata mtu kuuliza kitu.

"Mtaalamu, shikamoo. Nimeshindwa."

"Marahaba. Umeshindwa nini?"

"Ndege."

Nilidhani atanirudishia lile la kaburi. Akasema tu, "Tafuta kanda za kaseti za zamani. Zifunge zikiwa zimevutwa, zipindishe kidogo. Upepo utazifanya zilie."

Dadi ana sanduku la kaseti za taarabu ambazo redio yake haizisomi tena. Akatoa huku analia kabisa. Rukaiya na mimi tumezivuta mstari hadi mstari, na hapo ndipo nilipojua raha ya mistari: unapita katikati bila kukanyaga hata shina. Upepo ulipokuja shamba zima likavuma. Ndege wakaenda kutafuta hoteli nyingine.

2 Aprili
Vijana wawili walioniita Fundi Kofia wamekuja kuuliza habari za kanda. Nimewaonyesha. Nimewaringia kwanza, halafu nimewaonyesha.

Paka hajakamata kitu.

9 Aprili
Mvua siku ya nne bila kupumzika. Maji kiganja kimoja chini ya msumari. Asubuhi yalikuwa viganja viwili.

10 Aprili
Vidole vinne.

11 Aprili
Mtaalamu kaja na mabuti yake ya mpira yamejaa maji, anatembea anasikika kama chura.

"Saadi, kata."

"Bado, Mtaalamu. Shina lina kijani. Bibi yangu hukata suke likiwa rangi ya simba."

"Hesabu masuke kumi."

Nikahesabu. Manane yamegeuka, mawili bado.

"Kata. Hayo mawili ni sadaka ya mto."

Miaka yote nimesubiri rangi ya simba. Ukikata mapema unachekwa, wanasema una njaa. Nikatazama kijiti: vidole vitatu. Nikatazama juu dunguni, Bibi kapanda mwenyewe na magoti yake yaliyostaafu, kajifunika nailoni. Shamba kanipa mimi. Nikachukua mundu.

12 na 13 Aprili (naandika pamoja, jana sikuweza kushika kalamu)
Tulianza alfajiri: mimi, Rukaiya, Dadi na mtaalamu, na kufika saa nne wale vijana wawili. Tulikata kuanzia chini kwenda juu, maji yakitufuata. Mwanzo yalikuwa kwenye kifundo. Adhuhuri, gotini. Rukaiya anafunga, Dadi anapakia mtumbwi, vijana wanausukuma mpaka kwenye mwinuko wa nyumbani, wanapakua juu ya majamvi, wanarudi. Bibi alikuwa juu ya dungu anatupigia kelele: "Kushoto! Mmeacha mstari wa kushoto! Mtaalamu, mwanangu, usikate kama unachuna mchicha!"

"Sawa, Mama!"

"Saadi, mume wangu, acha kutazama maji! Maji hayatazamani na wewe!"

Siku ya pili asubuhi msumari ulikuwa umezama. Imebaki mistari kama ishirini. Dadi akasema inatosha, tushukuru Mungu. Mimi nikasema haitoshi. Sijui nilipata wapi ile sauti. Tulikata ndani ya maji ya kiunoni kwa kupapasa, na kama si mistari tusingeyapata masuke. Mkono unakwenda kiganja kimoja, unakuta shina, unakata. Kiganja kimoja, shina. Mistari niliyoinamia Januari kwa kulaani ndiyo niliyoifuata kwa vidole nikiwa sioni.

Safari ya mwisho ya mtumbwi tulipita juu ya kipande changu cha siri. Mtanikumbuka ule mrefu, wa kifuani, wa kukimbizana na maji. Zilionekana ncha tu. Maji hayakupanda taratibu kama zamani hata ukapata nafasi ya kukimbia nayo. Yalikuja kwa siku mbili. Nikainama nijifanye napanga matita. Rukaiya akauliza, "Nani kapanda pale?" Nikasema umejiotea.

Mpunga wa chini umefika nyumbani. Karibu wote.

22 Aprili
Shamba la juu nalo lilizama, siku tisa. Leo maji yamerudi nyuma. Nimekwenda kutazama. Mtanikumbuka umelala kwenye tope, mweusi, unanuka. Nimepekua mpaka magharibi. Hakuna suke hata moja lenye punje.

25 Aprili
Mjomba Gharibu kaja na gari. Kakuta magunia yamepangwa barazani na mimi nimekaa juu yake kama sultani.

"Mjomba, shikamoo. Samaki wanakusalimu."

Akacheka, akanipa mkono, kwa kweli akanipa mkono kama mtu mzima. "Umeshinda, mpwa wangu. Mama, umeshinda. Narudi na gari tupu."

Bibi akasema, "Usirudi nalo tupu. Nitakuja."

Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa ile kamba ya darini.

"Gharibu, panya hukata kamba. Hafungui fundo. Kamba hii nimeikuta nzima, fundo limefunguliwa. Fundo lile analijua nani? Mimi. Kwa hiyo nilikishusha kicha mwenyewe, nikakiweka mahali, nikasahau mahali penyewe. Nimetafuta miezi mitatu. Chini ya kitanda, kwenye mtungi, kwa kuku. Nasahau mlango, nasahau kama nimeswali. Na sasa shamba la juu limeoza, mbegu ya mama yangu imekwisha mkononi mwangu. Mtu aliyesahau mbegu, kesho atasahau moto, achome nyumba na watoto wa watu ndani."

"Lakini Saadi alisema panya," akasema Rukaiya.

"Alisema kunistiri. Saadi ana mdomo, lakini kwenye mbegu hawezi kunidanganya."

Wamepatana tarehe saba mwezi ujao. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia. Sikushuka.

26 Aprili
Sijalala. Nimepata dawa. Bibi aliwahi kugawa ile mbegu kwa watu. Nitaitafuta, nitaining'iniza palepale, nitasema nimekikuta kicha kwenye mtungi. Hakuna atakayeumia.

30 Aprili
Mbwara. Mama anasema shangazi mmoja alikuwa nayo, akaiacha, inachelewa kuiva.

3 Mei
Ngarambe. Nimekwenda mpaka kwenye ukoo wa Bibi. Kizee mmoja kaikumbuka harufu yake. Harufu tu. Kanipa ndizi.

Njiani kurudi nilipata muda wa kufikiri. Nilipanda kile kicha ili nisionekane nimebadilika. Na tangu siku ile nimebadilika kwa kila kitu: nimeshika kamba, nimefunga kanda, nimekata kijani. Kitu kimoja tu nimeking'ang'ania mpaka leo, nacho ni uongo.

6 Mei
Bibi alikuwa anakunja kanga zake kwenye mfuko. Nikasimama mlangoni.

"Bibi, kicha nilikichukua mimi."

Akaendelea kukunja. "Usinistiri, mume wangu."

"Fundo nimelifungua mimi. Linakwenda mara mbili kulia, mara moja chini. Nimekuona ukilifunga tangu mdogo. Nilikipanda kando ya kijito tarehe tisa Januari. Niliwaonea aibu vijana. Maji yamekibeba."

Akaja mpaka nilipo. Akanizaba kofi. La kwanza tangu nizaliwe. Halafu akaanza kucheka, machozi yanamtoka, akapiga vigelegele peke yake.

"Rukaiya! Rukaiya, njoo! Kichwa changu kizima! Sikusahau kitu! Kichwa changu kizima!"

Akawa anataja majina: wanawe, wajukuu, visima vya Ngarambe, wanawake waliomcheza unyago, moja baada ya jingine bila kukosea. Rukaiya alidhani ameugua. Alipomaliza akakaa kitandani, na kicheko kikaisha.

"Miezi minne, Saadi," akasema.

7 Mei
Gari limekuja. Limerudi tupu. Bibi kamwambia Mjomba asimtajie Kibiti mpaka siku ya kumzika. Mkaguzi naye karudishwa kwa Dadi, kazi imeisha.

21 Mei
Tumeanza mlau, kilimo cha kwenye tope linaloachwa na maji: mahindi, kunde na maboga. Nimewapimia wenzangu sita mistari kwa kamba. Fundi Kofia sasa ni cheo.

2 Juni
Bibi kachagua masuke ya mpunga mpya, kayafunga kicha. Nikamuuliza kama kitaingia kweli pale penye nafasi ya Mtanikumbuka.

"Mtanikumbuka niliuleta mimi nikiwa mwari, kutoka Ngarambe," akasema. "Mama mkwe wangu aliutazama akasema, mpunga gani huu mrefu kama askari. Alicheka mwaka mzima. Mwaka wa pili akaja kuomba mbegu." Akanipa kicha na ile kamba. "Panda wewe, ufunge. Magoti yangu yamestaafu."

Nikafunga. Mara mbili kulia, mara moja chini. Akavuta kuhakikisha. Akavuta tena.

8 Juni
Kesho mtaalamu anakusanya madaftari. Mtaalamu, ule ukurasa wa tarehe tisa Januari niliokwambia uruke, rudi usome. Mwakani naomba nishike kamba tena, na kama kuna darasa la jioni pale shuleni niandike jina, nataka kujua zile herufi zinajumlishwaje.

Mafuriko si kosa la mtu. Mbegu ilipotea kwa kiburi changu, na hilo nalo ningeweza kulibeba. Lakini msimu huu kimoja ndicho kilichoharibika kweli: mwanamke mwenye akili timamu kuliko wote bondeni alizunguka nyumba yake miezi minne akijiona anapoteza akili, akipekua mpaka kwa kuku, na mimi nilikuwa nimeketi pale nahesabu kama paka amekamata kitu.

Shamba nimelishinda. Anacheka nami, ananipakulia, ananituma. Bado ananiita Saadi, si mume wangu.